Usianze na bisibisi

Pikipiki kubwa ya safari iliyokaa miaka mitatu chini ya turubai huwa na dalili zinazojulikana. Inawaka kwa choki, lakini choki ikirudishwa tu inazima. Ukivuta mafuta kwa ghafla inakata, kisha inalipua kwenye bomba la moshi. Ikishatoka mjini na kushika kasi, inatulia na kwenda vizuri hadi mwenyewe anaanza kuimba ndani ya helmeti. Akifika kwenye taa nyekundu, imezima tena. Hapo ndipo wengi huchukua bisibisi na kuanza kuzungusha kila skrubu inayoonekana kwenye kabureta, robo mzunguko huku, nusu mzunguko kule, hadi hakuna anayejua tena kiwandani ilikuwa imefungwaje.

Dalili zenyewe zilikuwa zimeshasema kila kitu. Kwenye mwendo kasi injini hunywa kupitia jeti kubwa, na jeti kubwa ina tundu pana ambalo si rahisi kuziba. Injini ikiwa kwenye sailensi, yaani ikiunguruma bila kuvutwa mafuta, hunywa kupitia jeti ndogo, na ndiyo iliyoziba. Kuzungusha skrubu kusikozibua tundu ni kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Mfano mzuri wa kueleza kazi hii ni Honda Gold Wing, kwa sababu ndani yake kila shida ya kabureta imezidishwa kwa nne. Pikipiki hiyo ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1974 kwenye maonyesho ya Cologne, Ujerumani, ikaingia sokoni mwaka uliofuata kwa jina la GL1000. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 999, silinda nne zilizolala, mbili kila upande, ikapozwa kwa maji na rejeta yake, na nguvu ikafika gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya cheni. Soko lililolengwa hasa lilikuwa Marekani, ambako mtu anaweza kuendesha siku nzima asitoke nje ya jimbo moja. Wanunuzi waliipokea ikiwa uchi, bila kioo cha kukinga upepo wala masanduku, wakaivisha wenyewe, wengi kwa kinga ya upepo aliyoibuni Craig Vetter wa Illinois. Honda ikasoma somo. Mwaka 1980, pamoja na GL1100 ya sentimita za ujazo 1,085, ikatoa toleo la Interstate lililovishwa tayari kiwandani, na uundaji wake ukahamia Marysville, Ohio.

Gold Wing za silinda nne, yaani za kuanzia 1975 hadi 1987, zilibeba kabureta nne za Keihin, ukiacha matoleo machache maalumu ya 1985 na 1986 yaliyofungwa mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme. GL1500 ya mwaka 1988 ilikuwa na silinda sita lakini kabureta mbili tu. GL1800 ilipokuja mwaka 2001, kabureta hazikuwepo kabisa. Kwa hiyo anayenunua leo Gold Wing ya zamani, pengine kwa bei ndogo kuliko ya pikipiki mpya ya mizigo, ananunua pia kazi ya kusafisha kabureta nne. Muuzaji akimwambia "inahitaji kusafishwa kabureta kidogo tu", neno la kuogopa hapo ni "kidogo".

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa kwa kiasi ambacho cheche ya plagi itakichoma vizuri, karibu gramu moja ya petroli kwa gramu kumi na tano za hewa. Hewa hupita kwenye koo lililobanwa katikati. Penye ubano inakwenda mbio na mgandamizo wake unashuka, hivyo petroli inavutwa kutoka kwenye kikombe kilicho chini. Kwenye bodaboda nyingi, waya wa eksileta huinua moja kwa moja kizibo kinachoziba koo hilo. Kwenye Gold Wing waya hufungua kipepeo tu, na ndani ya koo kuna pistoni inayopanda yenyewe kadiri injini inavyovuta hewa. Mwendeshaji akivuta mafuta kwa pupa, pistoni haipandi kwa pupa. Inangoja injini iwe tayari.

Wazo hilo lina umri mkubwa kuliko Honda yenyewe. Hatimiliki yake iliombwa Uingereza mwaka 1905 na George Herbert Skinner, mtoto wa familia iliyofanya biashara ya viatu, na kabureta zake za mwanzo zilitumia mfuko wa ngozi uliokunjamana badala ya pistoni ya chuma. Ukijua ukoo ule uliuza nini, hushangai ngozi ilitoka wapi.

Kwenye GL1000 na GL1100, pistoni hiyo ni ya chuma na imechongwa ikae ndani ya kifuniko chake kwa nafasi finyu mno. Hakuna mpira unaoziba kati yake. Kila pistoni ina kifuniko chake, na kuzichanganya ni kosa ambalo halionekani kwa macho ila pikipiki italionyesha barabarani. Fundi mzoefu hujaribu kila jozi kwa kuziba tundu la hewa kwa kidole na kuiachia pistoni ishuke: ikishuka polepole na kwa mwendo mmoja, ni nzima, ikianguka, hewa inapenya, ikikwama njiani, kuna utando wa mafuta yaliyokauka.

Utando huo ndio chanzo cha karibu kila kitu. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na vilivyo vyepesi huruka kwanza. Kinachobaki kwenye kikombe cha kabureta, baada ya miezi kadhaa bila kuwashwa, kinakuwa kizito na cha rangi ya chai, baadaye kinakauka na kuwa gundi ya kahawia yenye harufu kali ambayo haifanani tena na petroli. Petroli iliyochanganywa na ethanoli, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye vituo vya Marekani, ina tabia nyingine ya kunyonya unyevu wa hewani. Maji yakizidi hujitenga na kukaa chini kabisa, pale pale jeti zinapochota, na metali huanza kutoka ukungu mweupe. Ndiyo maana pikipiki iliyotembea kilomita laki mbili bila kupumzika inaweza kuwa na kabureta safi kuliko iliyotembea elfu kumi na mbili na kuhifadhiwa kwa mapenzi.

Ukubwa wa matundu yenyewe nao una hadithi yake. Kwa desturi ya Keihin, namba iliyochongwa kwenye jeti inaeleza upana wa tundu kwa mia za milimita. Jeti ndogo namba 35 basi ina tundu la milimita 0.35, unene wa nywele kama tano zikipangwa. Ukungu mwembamba tu ukishika kuta za tundu hilo, njia imepungua kwa kiasi ambacho injini inakihisi. Ukiinua jeti juani ukaona mwanga, usishangilie. Mwanga hupita hata penye tundu lililobaki nusu.

Karibu na ninapoishi kuna kijiwe cha bodaboda, na chini ya mwembe wa hapo hukaa kijana mmoja fundi ambaye hufungua kabureta haraka kuliko wengine tunavyomenya chungwa. Siku moja nilimwona akichomoa uzi mmoja kutoka kwenye waya wa klachi uliokatika, akauingiza kwenye jeti na kuusokota.

"Fundi, huo uzi hauli shaba?"

"Unakula, mzee," akajibu bila kuinua macho. "Lakini mteja anataka pikipiki sasa hivi, abiria wanamsubiri. Jeti mpya ipo dukani, ila bei yake hataki hata kuisikia."

Sikuwa na la kumjibu, maana kwa kabureta moja ya pikipiki ya sisi 150 hesabu yake ina mantiki. Tundu likipanuka kidogo, pikipiki itakula mafuta zaidi na plagi itakuwa nyeusi, na maisha yataendelea. Kwenye kabureta nne njia hiyo haifai hata kidogo. Uzi wa chuma hautapanua jeti zote kwa kiasi kimoja, na tangu siku hiyo kila silinda itakuwa na lishe yake. Jeti ya shaba hulowekwa kwenye dawa ya kusafishia kabureta, hupulizwa kwa kompresa, na ikikataa huchokolewa kwa uzi wa nailoni au wa shaba laini, au hununuliwa nyingine.

Kuzitoa kabureta za Gold Wing kwenye nafasi yake ni shughuli ya asubuhi nzima kwa asiyezoea. Kinachoonekana juu ya injini kuwa tanki si tanki. Ni kifuniko chenye vifaa vya umeme na vikorokoro vingine, na tanki halisi liko chini ya kiti ili uzito ukae chini. Ukitoa kifuniko hicho na chujio la hewa, unazikuta kabureta zote nne zimefungwa pamoja, na mirija minne mirefu ikiteremka kwenda kwenye silinda. Kundi zima hutolewa kwa pamoja kupitia ubavuni, kwa kulipindua huku na kule, na hapo vidole vinajifunza ni wapi Honda walibana nafasi. Piga picha za simu kabla ya kuchomoa chochote. Mipira ya hewa na ya mafuta inafanana sana ikiwa mezani.

Kuhusu bisibisi nina jambo moja la kulalamikia. Skrubu za msalaba za Kijapani za miaka ile hazikuchongwa kwa umbo lile lile la bisibisi za msalaba tulizozoea madukani. Zinakaribiana tu, na kukaribiana huko ndiko kunakoharibu: bisibisi inaruka, kichwa cha skrubu kinalika, na skrubu iliyokaa humo tangu 1981 inabaki humo milele, au inatolewa kwa kutobolewa. Bisibisi ya kipimo cha Kijapani haina bei ya kutisha. Ni kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya dawa yoyote ya kusafishia.

Mezani, vua kila kilicho cha mpira kabla ya kuloweka chochote, kwa sababu dawa kali inavimbisha oringi na kuziua. Kabureta nyingi za Keihin za kipindi hicho zina vizibo vidogo vya mpira vinavyofunika njia ya jeti ndogo. Kimoja kikidondoka sakafuni na kusahaulika, silinda hiyo itazama kwenye petroli na utamaliza wiki nzima ukilaumu plagi. Kisha puliza dawa kwenye kila tundu na utazame inatokea wapi. Kila njia ina mwanzo na mwisho, na kazi haijaisha mpaka umeiona dawa ikitoka upande wa pili kwa kila moja, pamoja na matundu madogo yaliyopangwa karibu na ukingo wa kipepeo. Hayo ya mwisho ndiyo yanayorukwa na wenye haraka, na ndiyo yanayolisha injini mkono unapoanza tu kuvuta mafuta. Ukiyaruka, pikipiki itakuwa na sailensi nzuri na itakwenda vizuri kwa kasi, ila kila unapoondoka kwenye foleni itasita.

Boya la ndani ya kikombe nalo lina neno lake. Litikise karibu na sikio; ukisikia petroli ndani, limetoboka na haliwezi kuelea inavyotakiwa. Kimo chake hupimwa kwa rula au kwa kipande cha plastiki kilichokatwa kwa kipimo, na kwenye GL1100 kipimo ni milimita 15.5. Ncha ya sindano inayofungwa na boya ikiwa na alama ya duara iliyochimbika, ibadilishwe, kwa sababu haitafunga tena na petroli itafurika.

Baada ya kazi yote hiyo, mtu anaona sasa ni zamu ya kurekebisha. Bado. Injini ina vyanzo vitatu vingine vya kutetema ambavyo kabureta hubebeshwa lawama yake. Kwanza ni nafasi za vali, ambazo kwenye injini hii ziko karibu na moja ya kumi ya milimita na hubana kimyakimya. Pili ni umeme: plagi, vifuniko vyake, waya zake, koili zake. Tatu ni hewa ya wizi, inayopenya kwenye oringi zilizokauka pale mirija inapokutana na injini. Hewa hiyo haikupita kwenye kabureta, kwa hiyo haikuchanganywa na petroli, na hakuna skrubu itakayoifidia kwa kila mwendo. Oringi mpya ni rahisi kuliko chakula cha mchana; sababu ya kurudisha kabureta kwenye oringi za zamani sijawahi kuisikia.

Sasa skrubu za mchanganyiko. Moja kwa kila kabureta, ncha yake imechongeka kama sindano. Hufungwa taratibu mpaka iguse, kisha hufunguliwa kwa idadi ya mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu cha toleo husika. Neno la kuzingatia ni "iguse". Anayeikaza anaikata ncha na kuiacha ndani ya tundu, na kabureta hiyo inakwenda kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Pikipiki zilizouzwa Marekani kuanzia toleo la 1978 zilifungwa na sheria ya moshi ya shirika la mazingira la nchi hiyo, EPA, na watengenezaji wakaweka mchanganyiko mwembamba na vizuizi juu ya skrubu ili watu wasizichezee. Ndiyo sababu nyingi kati yake ni nzito kuamka asubuhi hata zikiwa safi kabisa.

Injini ikishapata joto, sailensi hupangwa karibu mizunguko 950 kwa dakika, na hapo linaanza jambo ambalo fundi wa kabureta moja hakutani nalo: kuzilinganisha zote nne. Kabureta zisizolingana ni wabebaji wanne wa jeneza ambao mmoja amekwenda chini na mwingine juu; jeneza litafika, lakini kwa kuyumba, na mmoja atakuwa amebeba uzito wa watatu. Kila mrija una mahali pa kuunganisha kipimo cha mvuto wa hewa. Zamani kipimo kilikuwa mirija minne ya kioo yenye zebaki, vifaa sahihi lakini vya hatari, maana zebaki inayovutwa na injini au kumwagika gereji ni sumu. Siku hizi hutumika saa nne zenye mshale au vijiti vya chuma vinavyopanda kwenye mirija. Kabureta moja ndiyo ya msingi, haina skrubu ya kulinganishia. Nyingine tatu hurekebishwa mpaka ziifuate, na baada ya kila mguso unavuta mafuta kidogo na kuachia ili vipepeo vikae mahali pake, kisha unasoma tena.

Kazi hii haifanyiki ndani ya chumba kilichofungwa. Injini ya lita moja ikiwa kwenye sailensi kwa nusu saa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ya kutosha kumlaza fundi asiamke. Na kwa kuwa pikipiki imesimama, rejeta haipati upepo wa barabarani. Weka feni mbele yake. Petroli hutoka kwenye chupa iliyoning'inizwa juu, kwa sababu mara nyingi mfumo mzima wa pikipiki bado umefunguliwa, nayo chupa ikae mbali na bomba la moshi.

Vipimo vikilingana, utasikia tofauti kabla ya kuiona. Mlio wa gia unapungua, mtetemo kwenye vioo vya pembeni unatoweka, na sailensi inashuka yenyewe mara tu unapoachia mkono badala ya kuning'inia juu kwa sekunde kadhaa.

Kilichopangwa vizuri mahali pamoja hakiwi lazima kizuri mahali pengine. Kabureta haijui kimo cha nchi. Anayetoka Mombasa kwa pikipiki ya kabureta na kufika Nairobi amepanda karibu mita 1,700, ambako hewa imepungua kwa takriban moja ya sita, huku jeti zikiwa zile zile. Mchanganyiko unakuwa mzito na nguvu inapungua. Wamarekani wanakutana na hili kwa ukali zaidi, kwa kuwa barabara ya Pikes Peak huko Colorado inafika mita 4,302. Vitabu vya Honda vya enzi hizo viliagiza marekebisho kwa pikipiki itakayotumika muda wote juu ya futi 6,500, na vikaonya kabureta zirudishwe kama awali pikipiki ikishuka, kwa sababu mchanganyiko wa mlimani ukipelekwa pwani ni mwembamba na unaweza kuunguza injini. Pistoni inayojipandisha husaidia kiasi. Haimalizi.

Baada ya kilomita kadhaa, plagi hufunguliwa moja moja na kuwekwa kwa mpangilio wa silinda. Rangi ya kahawia isiyokolea ni njema. Nyeupe inasema petroli ni chache au hewa ya wizi ipo. Nyeusi yenye masizi inasema petroli imezidi. Tatu zikiwa kahawia na moja nyeusi, fungua kabureta ya silinda hiyo peke yake, na kwanza kabisa utazame kama kile kizibo cha mpira kipo.

Kwa watakaoiweka tena chini ya turubai, kuna ubishi usioisha kuhusu namna bora ya kuiacha. Wapo wanaofunga bomba la mafuta na kuacha injini ijizime, wakidhani vikombe vimekauka. Havikauki, injini huzima mara petroli inaposhuka chini ya jeti, na kilichobaki chini ndicho kinachogeuka gundi. Chini ya kila kikombe kuna skrubu ya kumwagia. Fungua zote nne, weka chombo, subiri tone la mwisho. Siku ya kuiwasha tena utalazimika kuzungusha stata kwa muda, kwa kuwa tanki liko chini na pampu inabidi ivute petroli mpaka vikombe vijae. Stata ipumzishwe kati ya jaribio na jaribio, na betri iwe imechajiwa usiku uliotangulia.